Papa Cikuru na Baharia wa Nantes

Hapa Shively, pembeni ya Louisville huku Amerika, hakuna anayemwita Bagula kwa jina lake isipokuwa bosi na daktari. Sisi wengine tunamwita Papa Cikuru, na mkewe Chimène tunamwita Mama Cikuru, kwa sababu ndivyo Wakongo wa Bukavu wanavyowaheshimu wazazi: unamwita mtu kwa mtoto wake wa kwanza. Basi jina la Cikuru linatajwa kanisani, kazini, dukani na kwenye simu, kutwa kucha. Cikuru mwenyewe hayupo. Alichukuliwa na watu wenye silaha kwenye njia ya Walungu, akiwa kijana wa miaka kumi na saba aliyetoka kupeleka baiskeli kwa fundi, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona, si yeye, si maiti yake, wala hiyo baiskeli.

Mimi ni Kornelia. Ni Mrundi niliyekulia Tanzania, kambi ya Mtabila, ndiyo maana Wakongo hunicheka kwamba naongea kama redio. Wacha wacheke. Kwa sababu ya Kiswahili hicho hicho cha redio mimi ndiye msomaji wa jumuiya yetu, na kila Novemba ndiye ninayesoma majina ya marehemu. Niseme mapema kwamba mimi si mpole, na katika jambo hili niliwakasirikia watu wengi, Papa Cikuru akiwa wa kwanza.

Mama Cikuru alitaka kitu kimoja tu katika nchi hii. Wengine wanataka nyumba, wengine wanataka uraia. Yeye alitaka jina la mwanawe liingie kwenye kapu la majina ya marehemu kanisani, lisomwe mbele ya watu, waitikie raha ya milele, halafu akae chini na wanawake wenzake, alie, amalize. Kila Oktoba alimwomba mumewe, na kila Oktoba mumewe alikataa. Kuliandika mwenyewe hakuweza, kwa maana kwao mtoto haombolezwi mpaka baba atamke. Shemeji yake Nshombo, anayekaa Cheektowaga kule Buffalo, aliposhauriwa alisema anamfuata kaka yake. Kwa hiyo mama wa watu akabaki katikati, hana mtoto na hana msiba. Alikataa kubadilisha namba ya simu waliyopewa walipofika Louisville, kwa sababu namba hiyo ndiyo waliyoisambaza Bukavu nzima, na akisikia simu inalia jikoni alikuwa anashtuka hata kama mikono iko kwenye unga.

Ukiuliza kwa nini Papa Cikuru alikataa, jibu liko kwenye kazi yake ya zamani. Kabla ya vita kuharibu kila kitu alikuwa karani wa ofisi ya vizazi na vifo huko Kabare. Sheria yake ilikuwa moja: hakuandika kifo cha mtu mpaka waje mashahidi wawili walioiona maiti kwa macho yao. Si mmoja. Na si wawili waliosikia. Wajane walimlilia, wakuu walimtisha, naye akakaza uzi. Alinisimulia kwamba mwenzake wa meza ya pili aliwahi kumwandika mtu amekufa kwa sababu ya uvumi wa mgodini, na yule mtu akarudi kwa miguu yake akakuta mke ameolewa na shamba limegawanywa. Alikwenda ofisini kuomba afutwe kwenye vifo, wakamjibu kwamba hakuna safu ya kufufua watu. Tangu hapo Papa Cikuru akawa anasema karatasi inaua.

Nilimwambia kwamba kwetu kambini karatasi ilikuwa inafufua. Mtu akifa, jamaa zake walimwacha kwenye kadi ya mgao, naye akaendelea kupokea unga na maharage mpaka wakubwa wagundue. Watu wote walicheka siku ile, yeye hakucheka. Alisema, "Mama Kornelia, nikiandika mutoto yangu pale, ni miye njo nitakuwa nimemuua." Mkewe alikuwa anaosha sahani, akafunga bomba la maji kwanza asikie vizuri, kisha akafungua tena.

Kwa hiyo alingoja. Tulikuwa tunafanya kazi ghala moja, upande wa uwanja wa ndege, yeye anapanga vifurushi kwenye mkanda wa mashine na mimi nabandika lebo. Jumapili baada ya Misa alikaa kwenye kochi na simu mapajani, akipiga kambi ya Nakivale kule Uganda, akipiga Bujumbura, akiuliza kama kuna kijana mrefu mwenye kovu kwenye nyusi. Binti yao Grâce, anayeishi Reynoldsburg kando ya Columbus na anayeuza nguo huku akisoma chuo, ndiye aliyechoka kumwona baba yake hivyo. Akamtafutia shughuli.

Shughuli yenyewe ilikuwa hivi. Kuna chuo kimoja kilichopiga picha daftari za zamani za mabaharia wa meli za biashara za Kifaransa, zile zilizobeba watumwa kutoka Afrika kuwaleta upande huu wa bahari. Wakatafuta watu wa kujitolea, wanaojua Kifaransa na wanaoweza kusoma mwandiko wa kulala, ule wa kizamani wa herufi zinazoshikana, wakae nyumbani kwao wayachape majina kwenye kompyuta. Papa Cikuru alifundishwa mwandiko wa namna hiyo na masista alipokuwa mdogo. Grâce akamwekea kompyuta kwenye meza ya kulia chakula, na tangu siku hiyo meza hiyo haikuona tena chakula.

Nilikwenda kuona. Alinionyesha jina la baharia, kijiji alikozaliwa, umri, kazi yake melini: nahodha, seremala, fundi mapipa, mpishi, daktari. Pembeni kabisa, kwenye ukingo, kuna maneno mafupi ya kilichompata. Huyu alishuka bandari fulani. Huyu alitoroka. Huyu alikufa. Nikamuuliza watu wetu wako ukurasa gani. Akasema hii ni daftari ya wafanyakazi wa meli, na waliokuwa wamefungwa chini hawakuwa wafanyakazi, kwa hiyo hawamo. Nikamwambia kama hawamo afunge hicho kidude, mtu anatoka kubeba maboksi ya Wazungu walio hai anakuja kuwabeba na waliokufa. Alijibu kwa upole kwamba ukitaka kumshika mwizi unaanza na jina lake, na kwamba waliowapeleka wale watu lazima wajulikane mmoja mmoja. Hapo alinifunga mdomo, nami sifungwi mdomo mara nyingi.

Oktoba ilipoingia akabadilika. Mkewe alikuwa ameanza tena maombi yake ya kila mwaka, naye hakukataa kama kawaida, alirudi tu kwenye kompyuta yake. Kazini akawa anaacha vifurushi vinapita kwenye mkanda mpaka msimamizi anampigia kelele. Alikonda. Nikawa roho juu, nikidhani labda ana ugonjwa anaficha, maana wanaume wa rika lake wanaficha maradhi mpaka kilio kiwaumbue. Siku moja wakati wa mapumziko nikambana karibu na mashine ya soda aniambie anaumwa nini.

Akasema amempata kijana mmoja kwenye daftari. Jina lake Mathurin Guillet, wa kijiji jirani na Nantes, umri miaka kumi na minane, safari yake ya kwanza. Homa ilimwua meli ikiwa bado pwani ya Afrika, inangoja kujaza watu. Maofisa wawili walitia sahihi kwamba walimwona amekufa na walimwona akitupwa baharini. Kisha mali yake ikauzwa kwa mabaharia wenzake hapo hapo melini: mashati mawili, kofia, na blanketi. Papa Cikuru alinisimulia habari za hayo mashati kama vile aliyashika kwa mkono. Aliniuliza kama nadhani mama yake Mathurin aliambiwa. Halafu akarudia, taratibu, kwamba mashahidi walikuwa wawili.

Mimi sikuelewa. Nilimwambia kwamba mtu aliyekwenda kuiba watu akapata homa njiani, huo ni msiba wa kujitakia, na msiba wa kujitakia hauna kilio. Alinitazama, akatupa kopo lake, akarudi kwenye mkanda.

Ikafika siku ya Marehemu Wote. Siku hiyo sisi wa Misa ya Kiswahili tunasali pamoja na wenye parokia, Wamarekani Weusi waliotupokea tulipokuwa hatuna pa kusalia. Miongoni mwao yuko Miss Verdell, bibi aliyeendesha basi la shule maisha yake yote na sasa anaendesha jiko la ukumbi kwa mkono ule ule. Ndiye aliyemfundisha Mama Cikuru kuendesha gari, kwenye maegesho ya kanisa, akitumia gari lake mwenyewe. Mtu akimgusa Mama Cikuru amemgusa Miss Verdell. Hilo sote tunalijua.

Kabla ya Misa kapu lilipita, kila mtu akatumbukiza karatasi yake. Na hapo Mama Cikuru alimwona mumewe akitoa karatasi kwenye mfuko wa koti, iliyokunjwa vizuri, akaiweka kwenye kapu. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuweka karatasi. Mama Cikuru alisogea mpaka benchi la mbele, akakaa peke yake, akashika ubao wa benchi kwa mikono miwili.

Nilianza kusoma. Watu wanaandika ovyo, nakwambia, mwingine kwa kalamu ya macho, mwingine nyuma ya risiti. Kisha nikafungua karatasi yenye mwandiko mzuri wa kulala, na mwandiko huo naujua. Leo ni leo, nikajisemea. Nikainua macho, nikamwona Mama Cikuru amekwisha nyanyuka nusu, anangoja. Nikafungua kinywa niseme jina la mtoto wake. Macho yakarudi kwenye karatasi, na kinywa kikasoma kilichoandikwa: Mathurin Guillet.

Watu waliitikia. Wataacha kuitikia vipi, wanaitikia kila jina. Mama Cikuru alibaki nusu amesimama nusu ameketi, halafu akakaa. Mimi niliendelea kusoma yaliyobaki, na mpaka leo siyakumbuki.

Ukumbini wakati wa chakula Miss Verdell alimwendea Papa Cikuru akamuuliza kwa heshima huyu Mathurin ni nani, jina zuri, ni mmisionari aliyemfundisha? Mtu mwingine angesema ndiyo, akala wali wake. Papa Cikuru hajui kusema uongo hata wa kuokoa chakula. Kwa Kiingereza chake cha kuokoteza alimweleza kwamba ni baharia wa meli ya watumwa. Miss Verdell alikuwa ameshika upawa. Aliuweka chini, akavua aproni, akatoka nje, na Papa Cikuru akabaki amenyoosha sahani tupu mbele ya watu wote.

Kufika jioni habari ilikuwa imeshavuka majimbo. Sipriani, mwenyekiti wetu, alipiga simu kila nyumba akisema tumekwisha, sisi ni wageni, tumewaombea wauza watumwa ndani ya nyumba ya wajukuu wa watumwa, tutafukuzwa na Misa ya Kiswahili itakufa. Watu wa Columbus wakaandika kwenye kundi la simu. Kutoka Buffalo Nshombo akamuuliza kaka yake kama akili ziko sawa. Sipriani alimtaka Papa Cikuru aombe radhi mbele ya altare Jumapili inayofuata. Kila mtu alikuwa tumbo joto juu ya kanisa, na hakuna aliyeuliza habari za yule mama wa benchi la mbele.

Mama Cikuru alikuwa ameondoka. Alipakia mfuko mmoja akaendesha gari mwenyewe mpaka kwa Grâce, Reynoldsburg. Papa Cikuru aliniambia kwamba mkewe hakupiga kelele wala hakulia. Alisimama mlangoni na funguo mkononi, akasema, "Mutoto ya wengine umemulilia. Ya kwako umemukatalia." Kisha akafunga mlango polepole, na hilo la polepole ndilo lililomtisha mzee.

Siku zile zilizofuata niliogopa kweli. Mama Cikuru hapokei simu, hata yangu. Papa Cikuru anakuja kazini amevaa shati ndani nje. Watu hawa wamevuka vita, wamevuka kambi, wamevuka usaili wa kuja Amerika, na mimi nikawa naona watakuja kuvunjikia hapa Shively kwa sababu ya Mfaransa aliyetupwa baharini. Nilimwambia mume wangu Revokatus twende tukamwone yule mzee asije akajidhuru. Tukabeba ndizi na maharage.

Tulipofika tukakuta gari la Miss Verdell limeegeshwa mbele ya nyumba. Nikasema leo patachimbika. Ndani bibi amekaa kwenye meza ya kompyuta na koti lake la mvua mwilini, hakulivua, na Papa Cikuru amesimama pembeni. Bibi hakuja kusamehe. Alikuja kuonyeshwa. Kiingereza cha mzee kilikuwa kimemwishia, kwa hiyo nikawa mkalimani bila kuombwa.

Papa Cikuru alifungua picha ya daftari. Bibi akamwona Mathurin na maneno ya ukingoni. Akaona sahihi mbili. Kisha akasema anataka kuwaona wa kwake. Nikatafsiri. Papa Cikuru akasema kwamba humu hawamo, na kwamba zipo karatasi nyingine za meli hizo zinazotaja waliopakiwa wangapi na walioshushwa wangapi, lakini ni hesabu tu, hakuna jina. Nilitamani sana kulainisha hilo neno, nikakosa namna.

Papa Cikuru akaanza kujieleza. Alieleza ofisi ya Kabare, mashahidi wawili, yule mtu aliyerudi akakuta ameandikwa amekufa. Alieleza kwamba mwanawe hana shahidi hata mmoja, na kwamba kijana wa Nantes, wa rika la Cikuru, alikuwa nao wote wawili, na kwamba katika maisha yake ya Amerika huyo ndiye mtu wa kwanza ambaye yeye mzee ameweza kumlilia bila kuogopa kwamba anamuua. Na mimi ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikimla karibu na mashine ya soda, nikajionea aibu kwa ile methali yangu.

Miss Verdell alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, nami nikatafsiri neno kwa neno, "Bwana Bagula, mimi nina watu chini ya ile bahari. Hakuna aliyewaandika na hakuna aliyewatilia sahihi. Ningewangojea mashahidi, nisingewaombea hata siku moja."

Akainuka. Alisema bado amekasirika kwa lile jina, hasira haitaisha wiki hii wala ijayo, na asiletewe chakula cha kuomba radhi. Kuhusu kanisa, nimwambie Sipriani aache kumsumbua padri, hakuna anayemfukuza mtu. Alipofika mlangoni akamgeukia Papa Cikuru, akamuuliza mke wake anarudi lini, akasema kama hajui basi amfuate.

Jumamosi nilimpeleka mimi, kwa sababu yeye huogopa barabara kuu na malori yake. Njia nzima kupitia Cincinnati mimi ndiye niliyeongea, juu ya hali ya hewa, juu ya Sipriani, juu ya bei ya mafuta, maana nikiwa na wasiwasi sinyamazi. Tuliposimama kujaza mafuta akaomba kalamu. Alirarua karatasi kwenye bahasha, akaiweka juu ya goti, akaandika. Niliona kwa pembe ya jicho: Cikuru Bagula, kwa mwandiko ule wa kulala. Akaikunja akaitia kwenye mfuko wa koti, akaushikilia mfuko kwa nje mpaka tunafika.

Nilifurahi, nisikufiche. Nilijua kabisa kitakachotokea: Mama Cikuru ataona karatasi, atalia kwa shukrani, watashikana mikono, nasi tutakula. Nilikuwa nimeshaanza kujisifu moyoni kwa kazi nzuri ya udereva.

Grâce alitufungulia, akamjibu baba yake salamu kwa Kiingereza kama watoto wetu wote, akaonyesha jikoni. Mama Cikuru alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Hakuinuka. Alinisalimu mimi, mumewe hakumsalimu. Papa Cikuru hakutoa hotuba. Aliitoa karatasi, akaifungua, akaiweka mezani mbele yake kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akiwapa watu vyeti vyao ofisini.

Mama Cikuru akasoma. Sikuona shukrani. Nilimwona anarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga friji, na mchele ukamwagika miguuni pake. Alimtazama mumewe kwa hofu ambayo sijaiona kwa mtu hata siku tulipokimbia risasi.

"Nani alikuambia?" akauliza.

Kabla hajajibiwa akapaza sauti. "Papa Cikuru, ni nani alimuona? Na wa pili ni nani? Ulipata habari ukanificha?"

Miaka yote ile tulidhani Mama Cikuru ndiye aliyekubali na mumewe ndiye aliyekataa. Kumbe aliweza kuomba kwa sababu alijua atakataliwa. Kila Oktoba yule mzee alipotikisa kichwa, mtoto alikuwa anapewa mwaka mwingine wa kuishi, na mama akarudi jikoni akiwa na hasira lakini akiwa na mtoto. Aliijua kalamu ya mumewe kuliko sisi sote. Kalamu ile ikiandika, basi wawili wameona.

Papa Cikuru alimwambia hakuna. Hakuna aliyepiga simu, hakuna aliyeona, ameandika mwenyewe tu. Mkewe hakuamini, akamtaka aape. Akaapa kwa mama yake mzazi. Akamtaka aape kwa Grâce, akaapa, Grâce mwenyewe amesimama hapo ameziba mdomo kwa mkono. Mama Cikuru akaanza kuteleza chini taratibu, mgongo kwenye friji, mpaka akaketi sakafuni juu ya mchele. Mimi nilikaa chini pia, kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya, na mzee akabaki amesimama peke yake na koti lake.

Jirani wa juu alikuwa anavuta viti. Kisha Mama Cikuru akaokota ile karatasi, akaisoma tena, akaikunja, akaitia kifuani ndani ya gauni. Akasema mumewe ampigie Nshombo.

Papa Cikuru akapiga simu Buffalo. Nshombo alipokea kwa furaha, sauti ikajaa jikoni, akasema kwao theluji imefika madirishani, akauliza kama kaka amekwisha samehewa na kanisa. Papa Cikuru alifungua kinywa. Kinywa kikabaki wazi. Nshombo akawa anaita, alo, alo, kaka, unanisikia?

Mama Cikuru akanyoosha mkono kutoka pale chini, akachukua simu.

"Nshombo, ni miye. Cikuru alikufa."

Upande wa pili tukamsikia Nshombo, kwa sauti ndogo, akiuliza nani alimwona.

"Hakuna mutu alimuona," akasema Mama Cikuru. "Mukuje tumulilie."